Nani alihesabu, na nani hakuhesabiwa? Jibu kwa msikilizaji wa podikasti wa Birere

Swali

Jambo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Birere, mjini Goma. Kazi yangu inashika mikono na macho lakini inaacha masikio huru, kwa hiyo tangu mwaka jana ninasikiliza podikasti za historia ambazo mdogo wangu ananipakulia kila Jumamosi. Nimesikia kwamba daktari wa London alizima kipindupindu kwa kuondoa mkono wa bomba la maji. Kwamba mtaalamu wa hesabu aliokoa ndege za vita kwa kutazama mahali ambapo hapakuwa na matundu ya risasi. Kwamba Julai 1994, hapa kwetu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja. Na kwamba vita vyetu viliua zaidi ya watu milioni 5. Mume wangu anasema hizo ni hadithi za kushangaza watu. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka minne na sikumbuki kitu. Nitajuaje lipi nilishike na lipi niliache? Na nitafute wapi zaidi?

Jibu

Mama, nakushukuru kwa kuuliza swali hili huku ukitaja kila jambo ulilolisikia, kwa sababu linaniwezesha kukujibu kwa mifano yako mwenyewe. Yote manne yana mzizi wa kweli, na hakuna hata moja lililokufikia likiwa zima. Simaanishi kwamba watangazaji walikudanganya. Kipindi cha dakika arobaini kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio kinahitaji mtu mmoja wa kumfuata, tukio moja la kukumbukwa na jambo moja la kushtua, na kinachokatwa ili hayo yapate nafasi huwa ni habari za kuhesabu: nani alihesabu, alihesabu nini, aligawanya kwa idadi gani, na ni nani ambaye hakuweza kuhesabiwa hata kama mhesabuji angetaka. Nimefundisha takwimu kwa wanafunzi wa afya ya jamii katika mji huu kwa miaka mingi, na ninaona kila mwaka jinsi wanavyokuja darasani na ule mshtuko ukiwa salama kabisa, ilhali hesabu yenyewe imepotea njiani. Hesabu hiyo ndiyo nitakayojaribu kukurudishia.

Tuanze na bomba la London, kwa kuwa ndilo fupi. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, na zaidi ya watu 600 walikufa kuzunguka bomba la barabara ya Broad Street. Daktari John Snow aliwashawishi wakuu wa parokia waondoe mkono wa bomba hilo, nao wakauondoa tarehe 8 Septemba. Vipindi vingi hufunga hapo. Snow mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mtaa. Kinachonifanya nimheshimu ni jambo jingine: alikwenda kuuliza habari za watu ambao hawakufa. Palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, iliyozungukwa na nyumba zenye misiba, na humo walikufa 5 tu, kwa sababu ilikuwa na kisima chake. Palikuwa pia na kiwanda cha bia ambacho wafanyakazi wake walikunywa bia na maji ya kisima cha kiwandani, nao wakasalimika. Bomba lilitiwa hatiani na wale ambao hawakulinywea maji.

Habari ya ndege inafuata njia hiyohiyo. Abraham Wald alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Cluj, ambao leo uko Romania. Alikuwa Myahudi, akakimbilia Marekani mwaka 1938, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi katika kundi la watakwimu lililokuwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Swali lilikuwa jinsi ya kupima udhaifu wa kila sehemu ya ndege kwa kutumia matundu ya risasi yaliyoonekana kwenye ndege zilizorudi. Wald aliona kwamba ndege zilizorudi ni zile ambazo risasi zilizipiga mahali panapovumilika, na kwamba zilizopigwa mahali pabaya, kama kwenye injini, zilikuwa zimeanguka huko huko na hazikuwepo kwenye hesabu. Hilo ni kweli kabisa, na limo katika maandishi yake, ambayo yalichapishwa upya mwaka 1980. Kisichokuwemo ni yale mazungumzo ambayo watangazaji hupenda kuyaigiza, ambapo majenerali wanataka kuongeza chuma hapa naye anasimama kuwakatalia. Maandishi yake ni kurasa za kanuni za hesabu. Ule mchoro wa ndege yenye vidoa vyekundu, ambao huenda mdogo wako amekuonyesha kwenye simu, ulichorwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Wewe unalijua jambo hili kwa kazi yako. Wateja wanaorudi kwako na kikwembe kingine ni wale waliopendezwa, au waliokasirishwa kidogo tu. Yule ambaye gauni lilimbana mabegani siku ya harusi hakurudi kukulalamikia. Alikwenda kwa fundi mwingine, na wewe ukabaki na sifa za wale waliorudi. Ninaomba uishike picha hiyo, kwa sababu tutaihitaji tutakapofika kwenye ule mfano wa nne, ulio mzito kuliko yote.

Sasa tuje nyumbani. Kati ya tarehe 14 na 17 Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Kivu ya Kaskazini, katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Walikaa kwanza katika barabara na viwanja vya mji, kisha katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Siku chache baadaye kipindupindu kilithibitishwa, kikaenea kwa kasi kubwa, na kilipoanza kupungua kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Idadi hiyo ilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la tiba la Uingereza liitwalo The Lancet, na kundi la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliokuwa wamefanya kazi hapahapa.

Utauliza: katika vurugu ile, waliwezaje kujua? Jibu liko chini ya miguu yako. Wewe unayeishi Birere huhitaji kuelezwa kwamba ukichimba shimo la choo, jembe hugonga jiwe kabla shimo halijafika magotini, kwa kuwa mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Watu waliokuwa wamechoka, wagonjwa na wasio na vifaa hawakuweza kuzika. Waliwafunga wapendwa wao katika mikeka wakawalaza kando ya barabara, na malori yakapita kila siku kuwachukua hadi kwenye makaburi ya pamoja yaliyochimbwa kwa mashine nzito. Waliopakia malori hayo waliandika idadi. Kama udongo ungekuwa laini kama ule wa Masisi, kila familia ingezika mtu wake nyuma ya hema, na leo tungekuwa na makisio tu. Nimeieleza habari hii darasani mara nyingi, na bado kila mara ninahitaji kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea: tunaijua idadi ya maiti kwa sababu ardhi ilikataa kuwapokea.

Hiyo ni namba ya juu katika mgawanyo, yaani idadi ya vifo. Namba ya chini, ile inayogawanya, yaani idadi ya watu waliokuwepo, ni kazi nyingine. Ukigawanya vifo 50,000 kwa watu 500,000, unapata kwamba katika kila watu 100 walikufa 10. Ukigawanya kwa 800,000, unapata kwamba walikufa 6 hivi. Maiti ni zilezile, na tofauti yote imetoka chini. Ndiyo maana waandishi wa utafiti ule hawakutoa kiwango kimoja cha vifo. Waliandika kwamba kila siku, katika kila watu 10,000, walikufa kati ya 20 na 35, wakati ambapo wafanyakazi wa misaada huhesabu kuwa ni hali ya dharura pale vifo vinapozidi kimoja tu kwa siku katika watu hao 10,000. Kwa nini idadi ya watu ilikuwa na shaka kubwa kiasi hicho? Hakuna aliyehesabu watu mpakani, kwa kuwa mamia ya maelfu walipita kwa siku nne, na baadaye chakula kiligawanywa kupitia viongozi wa kambi, ambapo kila kichwa kilichoandikwa kilikuwa na posho yake. Mtu anayepokea kwa kichwa hana sababu ya kupunguza vichwa.

Tena kuna swali la wasiohesabiwa. Utafiti ule ulikuwa wa wakimbizi, na ulifanywa hivyo kwa sababu za wazi. Mwenyeji wa Majengo au Katindo aliyezikwa na ndugu zake mwezi huo hakuwa sehemu ya swali. Ukisikia podikasti ikisema kwamba watu 50,000 walikufa Goma, ujue kwamba sentensi sahihi ni karibu wakimbizi 50,000, katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Ni maneno machache zaidi, na kila moja lina kazi.

Nimefika kwenye zile milioni 5. Hapa ninaandika polepole, kwa kuwa najua kwamba wengi wa watakaosoma jibu hili wana jina la mtu ndani ya idadi hiyo. Chanzo chake ni shirika la International Rescue Committee, lililofanya uchunguzi wa kaya mara tano kati ya mwaka 2000 na 2007. Wachunguzi waliingia katika nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu wakauliza ni nani aliyezaliwa na ni nani aliyekufa katika kipindi fulani. Januari 2008 shirika lilitangaza vifo vya ziada milioni 5.4 kwa kipindi cha kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Neno la kushika hapo ni ziada. Haikuwa idadi ya waliouawa kwa silaha. Wengi sana walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, watoto wakiwa wengi mno, kwa sababu vita vilifunga zahanati, vilikata njia na kuwafukuza watu mashambani mwao.

Ziada hupatikana kwa kutoa: unachukua vifo vilivyoonekana, unaondoa vile ambavyo vingetokea hata kama vita visingekuwapo. Shirika lilichukua kwamba kiwango cha kawaida ni vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, ambao ulikuwa wastani wa Afrika kusini ya Sahara. Uchunguzi wa mwisho ulikuta vifo 2.2. Tofauti ni 0.7. Sasa chukua kalamu yako. Ikiwa nchi ina watu milioni 60, hiyo 0.7 kwa kila 1,000 ni vifo vya ziada 42,000 kwa mwezi, karibu na ile 45,000 ambayo shirika liliitangaza. Lakini watafiti wengine, wakiwemo wale wa ripoti ya usalama wa binadamu iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Kanada, walisema kwamba Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani wa Afrika hata kabla ya vita, hivyo 1.5 ni ndogo mno. Weka 2.0 mahali pake: tofauti inabaki 0.2, na vifo vya ziada vinashuka kutoka 42,000 hadi 12,000 kwa mwezi. Hakuna kaburi lililofunguliwa wala kufungwa katika mahesabu hayo mawili. Tumebadilisha tu mahali pa kuanzia kupima, kama vile wewe ungeanza kupima urefu wa gauni kutoka shingoni au kutoka begani.

Wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walipita njia nyingine kabisa. Walianza na sensa ya mwaka 1984, ambayo ndiyo ya mwisho kufanyika nchini mwetu, wakailinganisha na uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2005 na 2006, ulioandikisha zaidi ya watu milioni 25, na makadirio yao ya vifo vya ziada kati ya 1998 na 2004 yakawa takribani 200,000. Unaona umbali uliopo kati ya tarakimu hizo. Nchi ambayo haijahesabu watu wake tangu 1984 haina namba ya chini iliyo imara, na kila hesabu ya vifo inayofanywa juu yake inasimama kwenye mchanga. Kwangu mimi, kukosekana kwa sensa ni sehemu ya maovu tuliyotendewa, na podikasti inayotaja mamilioni bila kutaja 1984 imeacha nusu ya habari.

Na sasa ile picha ya ndege zisizorudi. Uchunguzi wa kaya unahitaji mtu wa kufungua mlango na kujibu. Familia iliyokwisha yote haina wa kujibu. Kijiji ambacho barabara yake imefungwa na watu wenye silaha hakifikiwi na mchunguzi, na mara nyingi hicho ndicho kijiji chenye vifo vingi. Kwa hiyo hesabu moja inaweza kuwa kubwa mno kwa upande wa kiwango cha kawaida, na papo hapo ikawa ndogo mno kwa upande wa familia zilizotoweka. Makosa hayo mawili hayafutani kwa sababu tu yanaelekea pande tofauti.

Msimamo wangu ni huu. Mtu akisema milioni 5.4, namtaka aseme pia vifo vya ziada, aseme kutoka mwaka gani hadi mwaka gani, na aseme kwamba watafiti wengine walipata idadi ndogo kwa mbali. Mtu anayesema watu milioni 6 waliuawa amekosea mara mbili, kwenye tarakimu na kwenye kitenzi. Na mtu anayeshika 200,000 ili kuonyesha kwamba hapakuwa na msiba mkubwa, huyo simfuati hata hatua moja, kwa sababu watu 200,000 ni mara nne ya wale waliolazwa kando ya barabara zetu Julai 1994.

Kuhusu mume wako, shemeji yangu, mwambie kwa heshima kwamba ana sababu ya kushuku, ila amekosea mahali pa kuelekeza shaka yake. Hadithi inaweza kukushangaza na ikawa ya kweli. Ya kushuku ni ile inayokupa tarakimu moja iliyonyooka, bila mipaka na bila jina la aliyehesabu. Mtangazaji akisema kati ya kiasi hiki na kiasi hiki, mwongezee imani. Akirudi wiki inayofuata kusema kwamba juma lililopita tulikosea, mwongezee zaidi, kwa kuwa ni wachache wanaofanya hivyo.

Umeuliza utafute wapi. Kama unaelewa Kifaransa, anza na kipindi cha RFI kiitwacho Mémoire d'un continent, ambacho kwa miaka mingi kiliongozwa na mwanahistoria wetu Elikia M'Bokolo, mzaliwa wa Kinshasa. Msikilize hasa anapomuuliza mgeni wake alipata wapi hati aliyoitumia, kwa kuwa ndipo unapoona historia ikitengenezwa. Kwa Kiswahili, idhaa za RFI, BBC na DW, pamoja na Radio Okapi, hutoa makala ambazo unaweza kuzipakua. Kwa maoni yangu ni nzuri zaidi kwa matukio kuliko kwa takwimu. Kipindi kinachochukua tarakimu za kwenye habari na kuzikagua moja baada ya nyingine ni More or Less cha BBC, kilichoanza mwaka 2001. Ni cha Kiingereza, lakini ikiwa mdogo wako anakielewa, mkae pamoja akufasirie kipindi kimoja, nawe utajifunza namna ya kuuliza ambayo haitegemei lugha.

Habari ya mega, yaani bando la intaneti la kupakulia vipindi, haihitaji maneno mengi. Programu ya AntennaPod ni ya bure kwenye simu za Android, na inaweza kuwekwa ipakue pale tu inapokuwa kwenye Wi-Fi, ili mdogo wako asimalize mega zake. Mwambie asifute maelezo yaliyoandikwa chini ya kila kipindi. Mara nyingi ndimo lilimo jina la utafiti ambalo mtangazaji hakulitamka. Weka daftari dogo karibu na chaki yako, na kila unaposikia tarakimu, simamisha mashine uandike sentensi nzima kama ilivyosemwa, pamoja na kitenzi chake. Jioni isome tena. Utashangaa ni mara ngapi utakuta kwamba walikufa imegeuka kuwa waliuawa kati ya mwanzo na mwisho wa kipindi kilekile.

Jambo moja bado. Umesema ulikuwa na miaka minne na hukumbuki kitu. Ikiwa mama yako yu hai, au shangazi aliyekuwa hapa mwaka ule, keti naye siku ambayo huna kazi ya haraka, uwashe kinasa sauti cha simu. Usimwulize walikufa wangapi, kwa sababu atakurudishia idadi aliyoisikia redioni. Mwulize walichota maji wapi mwezi wa Julai, bidoni moja iliuzwa kwa pesa gani, malori yalipita saa ngapi na kwa barabara ipi, na ni jirani gani ambaye nyumba yake ilibaki imefungwa. Hayo aliyaona mwenyewe. Mwishoni taja kwa sauti yako tarehe ya siku hiyo na jina la mtaa mliokaa, kisha umwombe mdogo wako aihifadhi sauti hiyo mahali pawili, asiiache kwenye simu moja.